Modemu ya pili nyumbani: lini inalipa, lini ni hasara

WAFANYABIASHARA wanaoendesha shughuli zao nyumbani wanashauriwa kupiga hesabu kwanza kabla ya kununua modemu ya pili. Kifaa hicho kinaweza kuokoa kipato cha mwezi mzima, lakini pia kinaweza kugeuka mzigo mwingine wa malipo usio na faida.

Wanaofikiria ununuzi huo ni wengi: mbunifu wa matangazo anayepeleka kazi kwa wateja wa nje, mwalimu anayefundisha kwa njia ya video, wakala wa forodha anayejaza nyaraka akiwa sebuleni, na mama anayepokea oda za keki kwa simu. Wote hao wana jambo moja linalofanana. Intaneti ikikatika, duka limefungwa.

Wazo lenyewe si geni kwa mkazi wa Dar es Salaam. Nyumba nyingi zina bomba la maji la mtaa na pia tangi juu ya paa. Hakuna anayeuliza kwa nini tangi lipo wakati bomba lipo. Modemu ya pili ni tangi la mawasiliano. Tofauti ni kwamba tangi hununuliwa mara moja, wakati modemu ya pili huja na ada ya kila mwezi.

Fundisho la Mei 2024

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika katika eneo la bahari kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, pamoja na nyingine za ukanda huu. Huduma ilirejea hatua kwa hatua baada ya kampuni kupitisha mawasiliano katika njia nyingine.

Siku ile wapo waliokuwa na modemu mbili za kampuni mbili tofauti, na zote mbili zikasinzia kwa pamoja. Sababu ni rahisi. Kampuni zilikuwa mbili, lakini sehemu kubwa ya mawasiliano ya kwenda nje ya nchi ilitegemea nyaya zile zile za baharini. Aliyenunua modemu ya pili kwa kuamini amejikinga na kila balaa aligundua kwamba bima yake ilikuwa na mipaka.

Tukio hilo halina maana kwamba modemu ya pili ni bure. Nyaya za baharini hazikatiki kila wiki. Kinachokatika mara kwa mara ni waya wa mtaani uliochimbuliwa na mafundi wa barabara au bomba, kisanduku cha faiba kilichoungua kwa umeme, mnara uliozidiwa na wateja jioni, au kifurushi kilichokwisha bila mwenyewe kujua. Katika hitilafu za namna hiyo, njia ya pili ina kazi kubwa.

Ilivyokuwa enzi za laini ya simu

Kuunganisha modemu mbili kulianza zamani. Mwanzoni lengo lilikuwa mwendo kasi, suala la usalama lilikuja baadaye. Katika miaka ya 1990 modemu ilifanya kazi ya kugeuza lugha ya kompyuta kuwa milio inayopita katika laini ya simu ya mezani, na kuigeuza tena upande wa pili. Mwaka 1994 viwango vilifikia biti 28,800 kwa sekunde. Mwaka 1998 vilifikia biti 56,000 kwa sekunde kwa upande wa kupokea, ingawa kwa kawaida laini ya simu haikuruhusu mtumiaji kufikia kiwango hicho chote.

Tuchukue faili la MB 10. Kwa mwendo wa biti 50,000 kwa sekunde, faili hilo huchukua karibu dakika 27 kushuka. Modemu mbili zikifanya kazi pamoja, muda huo hupungua hadi dakika 13 na nusu hivi. Mwaka 1994 ulitolewa utaratibu wa kiufundi wa kufunga laini mbili au zaidi zikawa kama moja, na ukarekebishwa mwaka 1996. Programu ya Windows 98 ilikuja na uwezo huo ndani yake.

Hata hivyo, ulikuwa na masharti mawili. Kwanza, mteja alihitaji laini mbili za simu na kulipia ankara mbili. Pili, kampuni inayotoa huduma ya intaneti ilipaswa kuwa na mitambo inayojua kupokea vipande kutoka laini mbili na kuvipanga upya. Kama upande wa pili haujui, modemu mbili zilibaki kuwa modemu mbili, kila moja na safari yake.

Sharti hilo la pili halijafutika mpaka sasa, na ndilo linalowaponza wanunuzi wengi.

Njia tatu zenye majina yanayochanganya

Muuzaji anaposema kifaa chake "kinaunganisha intaneti mbili", anaweza kuwa na maana ya mambo matatu tofauti. Bei zake ni tofauti na matokeo yake ni tofauti.

Njia ya kwanza ni ya akiba. Modemu moja inafanya kazi, nyingine inasubiri. Ya kwanza ikikatika, ruta inahamishia mawasiliano kwenye ya pili baada ya sekunde chache. Ya kwanza ikirudi, mambo yanarudi kama yalivyokuwa. Njia hii haiongezi kasi hata kidogo. Inauza uhakika tu.

Njia ya pili ni ya kugawana mzigo. Modemu zote mbili zinafanya kazi kwa wakati mmoja. Kompyuta ya baba inapita hapa, televisheni ya watoto inapita kule. Nyumba yenye watumiaji wengi itaona nafuu. Lakini mtu mmoja anayepakua faili moja hatapata kasi ya modemu mbili, kwa sababu faili moja kwa kawaida hupita katika njia moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mwenye Mbps 20 hapa na Mbps 10 kule hapati Mbps 30 katika faili moja. Atapata 20 au atapata 10, kutegemea ruta imempitisha wapi.

Njia ya tatu ni kufunga njia mbili zikawa moja kweli kweli. Vipande vya faili moja hupita katika modemu zote mbili na kukusanywa upande wa pili. Hapa ndipo sharti la miaka ya 1990 linaporudi: lazima kuwe na mtambo upande wa pili unaojua kukusanya. Kwa kuwa modemu moja ni ya kampuni hii na nyingine ni ya kampuni ile, mkusanyaji huyo huwa ni seva ya mtu wa tatu, ambaye naye hulipwa. Seva hiyo ikiwa mbali, kwa mfano Ulaya, kila neno husafiri hadi huko kwanza, hata kama linakwenda Kinondoni.

Aidha, huduma nyingi za njia ya tatu hufanya kazi kwa kutumia VPN. Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilitoa tangazo la kuwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kuwasilisha taarifa zao. Mfanyabiashara anayetaka njia hii hana budi kuuliza utaratibu kabla ya kulipa.

Kwa nyumba nyingi, njia ya kwanza inatosha. Njia ya pili inafaa nyumba yenye watu wengi. Njia ya tatu ni ya wenye kazi maalumu, kama wanaorusha matangazo ya moja kwa moja, ambao kukatika kwa sekunde tano ni hasara.

Njia mbili, mtaro mmoja

Thamani ya modemu ya pili haipimwi kwa kasi yake. Inapimwa kwa kiasi ambacho matatizo yake ni tofauti na matatizo ya ile ya kwanza.

Hesabu yake ni hii. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Tuseme njia ya kwanza inakatika asilimia 2 ya muda, yaani saa 14 na dakika 24 kwa mwezi. Njia ya pili ni dhaifu zaidi, inakatika asilimia 5, yaani saa 36. Kama sababu za kukatika hazihusiani kabisa, zote mbili zitakuwa zimekatika kwa pamoja asilimia 2 ya asilimia 5, ambayo ni asilimia 0.1. Hiyo ni kama dakika 43 kwa mwezi mzima. Kutoka saa 14 hadi dakika 43 ni nafuu kubwa, ingawa modemu ya pili yenyewe ni mbovu kuliko ya kwanza.

Sasa tubadilishe jambo moja. Tuseme kati ya saa zile 14 na dakika 24, saa 6 husababishwa na umeme kukatika mtaani, na nyumba haina betri. Katika saa hizo 6 modemu zote mbili zimezimika. Modemu ya pili inabaki na saa 8 na dakika 24 tu za kuokoa, na kwa kuwa nayo hukosekana mara chache, itaokoa takriban saa 8. Mteja amelipia kinga kamili, akapata nusu yake na ziada kidogo.

Hivyo basi, swali la kwanza la mnunuzi lisiwe "ipi ina kasi?" Liwe "hizi mbili zinakutana wapi?"

Zinaweza kukutana kwenye umeme wa nyumba. Zinaweza kukutana kwenye nguzo au mtaro wa mtaani, kama zote ni faiba. Zinaweza kukutana kwenye mnara. Hili la mnara halionekani kwa macho ya mteja, lakini katika biashara ya mawasiliano ya Tanzania lina uzito. Kampuni za simu ziliuza minara yao kwa kampuni za minara, kama Helios Towers, ambazo huikodisha kwa zaidi ya kampuni moja ya simu. Rangi za laini zinaweza kuwa mbili tofauti huku mitambo yake ikiwa imefungwa kwenye chuma kimoja, ikitegemea umeme mmoja.

Mwisho, zinaweza kukutana baharini, kama Mei 2024 ilivyoonyesha.

Kwa sababu hiyo, ndoa inayofaa zaidi ni ya faiba na mtandao wa simu. Faiba hupita ardhini au kwenye nguzo, mtandao wa simu hupita hewani. Fundi akikata waya wa mtaani, mnara unaendelea. Mnara ukizidiwa jioni, faiba inaendelea. Laini mbili za simu za kampuni mbili ni ndoa dhaifu zaidi. Faiba mbili zinazoingia kwenye nyumba moja kwa njia moja ni dhaifu vile vile, na ni ghali zaidi.

Satelaiti ni chaguo jingine. Starlink ilianza huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023. Satelaiti zake huzunguka takriban kilomita 550 juu ya dunia, wakati satelaiti za zamani za mawasiliano hukaa karibu kilomita 36,000. Ndiyo maana mazungumzo ya video yanawezekana bila yule wa upande wa pili kuchelewa kujibu. Lakini Novemba 2024 kampuni hiyo ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi kwa sababu uwezo wake katika eneo hilo ulikuwa umejaa. Satelaiti nayo ina mlango unaoweza kujaa. Mnunuzi popote alipo ahakikishe kwanza kwamba huduma ina leseni ya nchi yake, maana kifaa kilichonunuliwa jirani si lazima kikubalike nyumbani.

Hesabu ya shilingi

Tuchukue mfano wa kukokotoa. Mtu anafanya kazi nyumbani saa 200 kwa mwezi na anapata Sh. 1,200,000. Kila saa ya kazi ina thamani ya Sh. 6,000.

Si kila saa ya intaneti kukatika inapoteza Sh. 6,000. Mbunifu anaweza kuendelea kuchora bila mtandao na kutuma kazi jioni. Tuseme nusu ya kazi iliyokwama hufidiwa baadaye. Hasara halisi ya saa moja ni Sh. 3,000.

Upande wa gharama, tuseme ruta yenye uwezo wa kupokea njia mbili pamoja na modemu ya pili vimegharimu Sh. 180,000 na vitadumu miezi 36. Hiyo ni Sh. 5,000 kwa mwezi. Kwa malipo ya intaneti ya pili kuna mipango miwili. Mpango wa kwanza ni kifurushi cha mwezi mzima cha Sh. 40,000. Mpango wa pili ni kununua bando pale tu hitilafu inapotokea, na tuseme unagharimu Sh. 1,500 kwa kila saa ya kazi.

Mpango wa mwezi mzima unagharimu Sh. 45,000 jumla, hitilafu iwepo isiwepo. Ili urudishe fedha, lazima intaneti ya kwanza ikatike saa 15 ndani ya saa za kazi. Hiyo ni asilimia 7.5 ya muda wa kazi, ambayo ni mbaya sana. Mtu mwenye intaneti mbovu kiasi hicho pengine anahitaji kwanza kubadilisha kampuni kuliko kuongeza nyingine.

Mpango wa bando la dharura una sura tofauti. Kila saa inayookolewa inaleta Sh. 3,000 na kula Sh. 1,500. Inabaki Sh. 1,500 ya kulipia kifaa. Saa 3 na dakika 20 kwa mwezi zinatosha kurudisha Sh. 5,000.

Tulinganishe. Intaneti ikikatika saa 4 za kazi kwa mwezi, mwenye bando la dharura anapata faida ya Sh. 1,000, wakati mwenye kifurushi cha mwezi anapata hasara ya Sh. 33,000. Ikikatika saa 20, wa kwanza anapata faida ya Sh. 25,000 na wa pili Sh. 15,000. Ni pale tu hitilafu zinapozidi saa 26 na dakika 40 kwa mwezi ndipo kifurushi cha mwezi kinakuwa nafuu kuliko bando la dharura.

Hesabu hubadilika kwa mtu ambaye kazi yake ina miadi. Mwalimu wa video au mkalimani hawezi kufidia jioni somo lililopangwa saa 4 asubuhi. Kwake saa iliyopotea ni Sh. 6,000 kamili, na kifurushi cha mwezi kinarudisha fedha kwa saa 7 na nusu tu za hitilafu.

Ipo hasara nyingine ambayo haionekani katika daftari la kila siku, nayo ni kupoteza mteja. Tuseme kuna mteja mmoja anayeleta Sh. 300,000 kwa mwezi, na akiondoka itachukua miezi 6 kumpata mwingine. Hasara ni Sh. 1,800,000. Kama uwezekano wa kumpoteza kwa sababu ya intaneti ni mara moja katika miaka 10, wastani wa hasara ni Sh. 180,000 kwa mwaka, sawa na Sh. 15,000 kwa mwezi. Kiasi hicho kikiongezwa upande wa faida, modemu ya pili inaanza kuonekana kama bima. Na bima hainunuliwi kwa sababu nyumba imeungua, hununuliwa kwa sababu inaweza kuungua.

Kila mtu aweke tarakimu zake. Kinachotakiwa ni kuandika kwa mwezi mmoja kila mara intaneti inapokatika: saa ilipokatika, saa iliporudi, na kama umeme ulikuwepo. Karatasi hiyo moja ina thamani kuliko maelezo ya muuzaji yeyote.

Jinsi ya kuunganisha

Mpango wa kawaida una vifaa vitatu. Kisanduku cha faiba, modemu ya laini ya simu, na ruta moja yenye matundu mawili ya kuingizia intaneti. Kampuni kama MikroTik na TP-Link hutengeneza ruta za aina hiyo. Waya kutoka kwenye kisanduku cha faiba unaingia tundu la kwanza, waya kutoka kwenye modemu ya laini unaingia tundu la pili, na vifaa vyote vya nyumbani vinatumia Wi-Fi ya ruta hiyo moja.

Kosa la kwanza ni kuacha kila modemu itoe Wi-Fi yake. Simu na kompyuta zitajishikiza kwenye Wi-Fi yenye nguvu, hata kama intaneti yake imekufa. Wi-Fi za modemu zizimwe, ibaki ya ruta peke yake.

Kosa la pili ni anwani kugongana. Modemu nyingi hutoka kiwandani zikiwa na anwani ile ile ya ndani, mara nyingi 192.168.1.1. Zikiunganishwa mbili kwenye ruta moja, ruta inachanganyikiwa kama tarishi aliyepewa barua ya nyumba namba 5 katika mtaa wenye nyumba mbili namba 5. Moja ibadilishwe, kwa mfano iwe 192.168.2.1, na ya ruta yenyewe iwe tofauti na zote mbili.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko yote. Ruta inapaswa kujuaje kwamba intaneti imekatika? Ikiwa imewekwa iangalie waya tu, itaona taa ya kisanduku cha faiba inawaka na kudhani mambo ni shwari, wakati hitilafu iko kilomita 3 mbele. Ruta iwekwe ijaribu kufika nje, katika seva mbili zinazojulikana, kila baada ya sekunde chache. Zote mbili zisipojibu mara kadhaa mfululizo, ndipo ihamie njia ya pili. Seva ziwe mbili kwa sababu moja inaweza kuwa na matatizo yake yenyewe, na nyumba ikahamishwa bila sababu.

Baada ya kuunganisha, mwenye nyumba achomoe waya wa faiba kwa makusudi na kusubiri. Fundi asiondoke kabla ya jaribio hilo. Modemu ya akiba isiyojaribiwa ni sawa na gurudumu la akiba ambalo hakuna aliyewahi kuangalia kama lina upepo. Jaribio lirudiwe kila mwezi, kwani laini isiyotumika muda mrefu inaweza kufungiwa na kampuni.

Ieleweke pia kwamba mazungumzo ya video yatakatika kwa muda mfupi njia inapohama, kwa sababu anwani ya nyumba inabadilika katikati ya maongezi. Kwa sababu hiyo hiyo, wanaochagua njia ya kugawana mzigo hulalamika kwamba tovuti ya benki inawatoa nje kila mara. Benki inaona mteja yule yule akibisha hodi kutoka milango miwili, inamshuku. Ruta nyingi zina mpangilio wa kumbakiza mteja katika njia moja hadi amalize shughuli yake. Mpangilio huo uwashwe.

Bando linaloliwa usiku

Faiba huwa haina kikomo kinachohesabiwa kwa GB, lakini bando la simu lina kikomo. Mkutano wa video unaweza kula kati ya nusu GB na GB moja na nusu kwa saa. Faiba ikikatika saa 8 usiku, ruta itahamia kwenye bando kwa utiifu, na kompyuta iliyoachwa wazi itapakua programu mpya mpaka bando liishe. Asubuhi mwenye nyumba anakuta faiba imekatika na akiba imekwisha.

Dawa yake ni kuruhusu vifaa vya kazi peke yake kutumia njia ya pili. Televisheni, michezo ya watoto na kamera za ulinzi vifungiwe njia hiyo. Kama ruta haiwezi kufanya hivyo, basi njia ya pili iwashwe kwa mkono pale inapohitajika.

Umeme kwanza

Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ulipungua makali baada ya mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024. Lakini umeme wa mtaani unaweza kukatika kwa sababu nyingine nyingi, na nyumba isiyo na betri ina modemu mbili zilizokufa.

Kinga yake si ghali. Kisanduku cha faiba na ruta kwa pamoja hutumia umeme kidogo, tuseme wati 18. Betri ndogo ya volti 12 na Ah 7 ina nguvu ya Wh 84. Ikitumika nusu tu ili isiharibike mapema, zinabaki Wh 42, ambazo zitaendesha vifaa hivyo saa 2 na dakika 20. Katika nyumba nyingi, betri hiyo inaweza kuokoa saa nyingi kuliko modemu ya pili, kwa bei ndogo na bila ada ya mwezi. Mwenye fedha za kitu kimoja tu, na ambaye karatasi yake inaonyesha umeme ndio adui, aanze na betri.

Ushauri kwa mnunuzi

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi azingatie yafuatayo:

Ajaribu laini ya simu ndani ya nyumba yake kwa siku tatu, hasa kati ya saa 1 na saa 4 usiku, kabla ya kununua modemu yake. Simu ya mkononi inatosha kwa jaribio hilo.

Aulize kama modemu imefungwa kwa kampuni moja. Modemu inayokubali laini ya kampuni yoyote ina thamani zaidi, kwani kampuni ikizorota mtaani, kinachobadilishwa ni laini tu.

Asifungwe na mkataba wa mwaka kwa njia ya pili. Njia ya akiba inapaswa kuwa huru kuachwa.

Asidanganywe na neno "mara mbili". Modemu mbili huongeza uhakika. Kasi ya faili moja haiongezeki ila kwa njia ya tatu, ambayo ina gharama na masharti yake.

Kwa anayepoteza chini ya saa tatu za kazi kwa mwezi, simu ya mkononi inayogawa intaneti inatosha, na modemu ya pili isubiri. Kwa anayepoteza kati ya saa nne na 20, ruta ya njia mbili na bando la dharura vinalipa. Kwa mwenye miadi na wateja wasiosubiri, kifurushi cha mwezi ni gharama halali ya biashara na kiingizwe kwenye bei anayowatoza, kama anavyoingiza umeme na nauli.